Jino la Sita

Ukiingia nyumba ya watu Karagwe au Kyerwa, kahawa huja kabla ya habari za safari. Si ya kunywa. Ni buni iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, na mgeni huchukua punje mbili tatu akazitafuna taratibu huku mazungumzo yakikolea. Mvua za Novemba zikishika, huja senene, wanaokaangwa mpaka walie kinywani kama vijiti vikavu. Nchi ya namna hii inamtaka mtu awe na magego. Meno ya mbele ni ya kuchekea. Kazi hufanyika nyuma, gizani, mahali ambapo hata mwenye kinywa hapaoni.

Na gego linalobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo huota pasipo mtu kujua. Mtoto anapokaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno yake ya utotoni, jino jipya hupasua ufizi. Halisukumi jino lingine litoke, kwa hiyo hakuna damu, hakuna pengo, hakuna jino la kurusha juu ya paa. Ukihesabu kutoka katikati ya kinywa ni la sita, nalo ni la kudumu. Wazazi wengi hulidhani ni mojawapo ya yale ya utotoni. Likitoboka mtoto akiwa darasa la pili au la tatu, husemwa liachwe, litang'oka lenyewe, litaota jingine. Halioti jingine.

Ajabu ni kwamba meno, hili likiwamo, yaliwahi kuaminiwa kama cheti cha kuzaliwa. Uingereza ilipokataza, mwaka 1833, watoto wa chini ya miaka tisa kuajiriwa katika viwanda vya nguo, umri ukawa jambo la kudanganyiwa. Mwaka 1837 daktari wa meno wa London, Edwin Saunders, akalipelekea Bunge kijitabu kinachoeleza jinsi meno yanavyotaja miaka ya mtoto. Afrika Mashariki ilikuwa na kipimo chake, nacho hakikuhitaji kijitabu: mtoto alipitisha mkono juu ya utosi, akiligusa sikio la upande wa pili alihesabiwa kuwa tayari kwa shule. Mkono unapolifikia sikio, gego la sita nalo linachomoza.

Kuliokoa jino hili ni habari ndefu yenye ubishi mwingi, na hatua yake mojawapo kubwa ilipigwa Tanzania, katika mazingira ambayo mtu wa Kyerwa angeyatambua mara moja: umeme hakuna, maji ni ya kuchota, na mtaalamu wa meno yuko safari ya siku nzima.

Lakini kwanza jino lenyewe. Ndani ya ganda gumu la enameli na tabaka la dentini lililo chini yake kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Watu hukijua kiini kwa maumivu yake tu. Kumbe ndicho fundi aliyelijenga jino, na gego la sita linapochomoza fundi huyo bado yuko kazini: mizizi haijakamilika, kuta zake ni nyembamba, ncha ziko wazi kama mrija, na anahitaji kama miaka mitatu zaidi amalize. Kiini kikifa mtoto akiwa na miaka saba, ujenzi husimama palepale. Hata mtaalamu akiusafisha mzizi na kuujaza dawa, jino linabaki na kuta dhaifu, kama nyumba ya udongo iliyoachwa kabla ya kuezekwa, na linaweza kupasuka miaka michache baadaye kwa punje moja ya kahawa. Kwa mtu mzima kiini kilichokufa ni hasara. Kwa mtoto ni hasara mara mbili.

Basi swali likawa hili: uozo ukikaribia kiini, je, kinaweza kuachwa hai?

Kwa karne nyingi jibu lilikuwa hapana. Wababeli waliandika habari za mnyoo anayekaa ndani ya jino, na mnyoo huyo amesafiri mbali. Hata leo Mtanzania anayeumwa hueleza kwamba jino lake limeingiwa na wadudu. Mdudu huuawa, haonewi huruma. Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alifundisha kulichoma jino kwa chuma cha moto kilichopitishwa ndani ya mrija ili mdomo usiungue. Mwaka 1836 Mmarekani Shearjashub Spooner akapendekeza arseniki. Sumu hiyo ilikiua kiini kweli, na ikivuja iliua na mfupa wa taya.

Upande huu wa Ziwa Viktoria dawa ilitoka porini. Mjafari, mti wenye miiba ambao Waganda huuita ntale ya ddungu, simba wa nyika, hutafunwa magome au mizizi na kuleta ganzi kinywani. Ndugu yake wa Marekani huitwa huko mti wa maumivu ya jino, kwa kazi hiyo hiyo. Mjafari ulituliza, shimo lilibaki wazi.

Dawa nyingine ya kutuliza, karafuu, haikufika huku. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, Novemba 1861, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuitambua njia ya Kafuro, kituo chao kilichokuwa karibu na makao ya mtawala huko Bweranyange. Walipandisha vitambaa na shanga, wakateremsha pembe za ndovu. Karafuu, iliyokuwa ikiitajirisha Zanzibar wakati huo, haikuwa mzigo wa kubebeshwa wapagazi hadi huku. Ilikuwa ikielekea upande wa pili, baharini, na sehemu yake iliishia kwa waganga wa meno wa Ulaya na Marekani. Mafuta ya karafuu yakichanganywa na unga wa zinki oksidi huganda kama udongo wa kufinyangia na kulituliza jino lililokasirika. Aliyewahi kukaa katika kiti cha daktari wa meno anaijua harufu hiyo. Wengi huiita harufu ya hospitali, wala hawajui kwamba ni ya Pemba.

Wazo la kukifunika kiini badala ya kukiua lilikuwa limekwisha kujaribiwa. Philipp Pfaff, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, alieleza mwaka 1756 jinsi ya kuweka kipande chembamba cha dhahabu juu ya kiini kilichofunuka, kisha kuziba. Mgonjwa wa ikulu ana dhahabu. Dawa iliyodumu ilikuja mwaka 1920, na bei yake haikuzidi ya tambuu: Mjerumani B. W. Hermann alitumia kalsiamu hidroksidi, yaani chokaa iliyotiwa maji, ndugu wa ile ambayo wazee wa pwani hupaka jani la tambuu kabla ya kuweka popoo. Chokaa huunguza uso wa kiini kidogo tu, na chini ya jeraha hilo kiini hujitengenezea ukuta mpya wa dentini. Fundi hupigwa kofi, akarudi kazini.

Ubishi mkubwa haukuwa juu ya dawa, ulikuwa juu ya uozo wenyewe. John Tomes wa London aliandika mwaka 1859 kwamba ni afadhali kuacha tabaka la dentini iliyobadilika rangi likikinga kiini kuliko kulikwangua lote na kulipoteza jino. Nusu karne baadaye, mwaka 1908, Greene Vardiman Black wa Chicago akafundisha kinyume chake: bora kiini kifunuke kuliko kukifunika kwa dentini laini. Black alikuwa na sauti kubwa zaidi. Vizazi vya madaktari wa meno duniani vilifundishwa kutoa uozo hadi chembe ya mwisho, na hata kukata sehemu nzima ili shimo likae vizuri. Mashine ya kutobolea ikawa ndiyo taaluma yenyewe.

Shimo hilo lilizibwa kwa amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba. Hapo Kyerwa inaingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Milima yake ina bati, lililochimbwa tangu enzi za Waingereza na kupelekwa ng'ambo. Nchi iliyokuwa na madini ya kuzibia meno haikuwa na mtu wa kuyaziba. Huduma ya meno ya serikali ya kikoloni ilikaa mijini. Vijijini, hata baada ya uhuru, jino lililouma lilikutana na koleo. Koleo halihitaji umeme wala vipuri. Linahitaji sindano ya ganzi, mkono wenye nguvu na dakika chache, na mgonjwa huondoka bila maumivu. Si haki kuwalaumu waliolishika. Aliyetembea tangu alfajiri kutoka Kaisho au Mabira akiwa na shavu lililovimba hakuja kutafuta falsafa ya Tomes.

Kuhusu ubishi wa Tomes na Black, ushahidi ulitoka maabara: mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini na kuyaacha wazi, chakula kikiingia. Panya wa kawaida walipoteza viini vyao. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja walipona, na viini vyao vikajenga dentini mpya juu ya tundu, makombo ya chakula yakiwa humo humo. Maana yake ilikuwa nzito. Kiini hakiuawi na kuguswa; kinauawa na bakteria wanaoendelea kuingia. Waliokuwa wakibishania kiasi gani cha uozo kiondolewe walipaswa kuuliza kwanza kama kifuniko kinavuja.

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wake wa meno Dar es Salaam mwaka 1979. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuanzisha jambo lolote la gharama. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia mkoa ambao leo ni Kagera, Oktoba 1978, na kulivunja daraja la Kyaka, na vita vya kuyafukuza viliikausha hazina. Miaka iliyofuata fedha za kigeni zikaadimika. Viti na mashine za meno zilizoletwa kwa misaada zilikosa vipuri, na zilizopelekwa vijijini zilikosa umeme wa kuzizungusha. Matabibu wa meno waliosomeshwa Tanga na Mbeya walifika vituoni na ujuzi ambao vifaa havikuuruhusu utumike.

Ni katika hali hiyo, katikati ya miaka ya 1980, ndipo Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyefanya kazi na chuo cha Dar es Salaam, alipoona kwamba mpango wa afya ya kinywa uliojengwa kwa mtindo na mitambo ya Ulaya hauendi. Mashine ikawekwa kando. Mgonjwa alilazwa juu ya meza, shimo likapanuliwa kwa kipatasi kidogo cha mkono, uozo laini ukachotwa kwa kijiko cha chuma chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kisha shimo likajazwa saruji ya meno. Mara nyingi hata sindano haikuhitajika, kwa sababu uozo laini hauna uhai wa kuuma. Kilichoachwa chini, karibu na kiini, ni ile dentini ngumu kiasi kama ngozi kavu, ambayo Black angeagiza iondolewe.

Meno hayo yakakaa. Sababu ilikuwa imekwisha kuelezwa Japani, ambako Takao Fusayama alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba uozo una matabaka mawili: la juu, laini na lililojaa bakteria, ambalo limekufa, na la ndani, lililopoteza madini tu, ambalo linaweza kuyarudisha kiini kikiwa hai. Kijiko cha mkono hulitenganisha la kwanza na la pili vizuri sana, kwa kuwa chuma kinachosukumwa na vidole hukwama kinapofika kwenye kitu kigumu. Mashine haina adabu hiyo. Hupita.

Saruji nayo ilikuwa imebadilika. Alan Wilson na Brian Kent walitangaza London mwaka 1972 saruji ya glasi ayonoma, unga wa glasi na tindikali vinavyoganda vyenyewe bila taa, vikashikana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mtaalamu huijaza shimoni, akapaka kidole mafuta ya mgando, akaibana mpaka iingie katika kila mfereji wa gego. Ndiyo kusema karakana nzima inaingia katika mkoba mmoja.

Njia hiyo ilijaribiwa Thailand kuanzia 1991, kisha katika shule za Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994.

Tarehe hiyo Kagera inaikumbuka kwa jambo jingine. Ndege ya Rais wa Rwanda ilikuwa imeangushwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na mauaji yakaanza ng'ambo ya mto Kagera. Katika majuma yaliyofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kuingia Ngara, na wengine Karagwe, wakawekwa katika kambi kama Chabalisa na Kagenyi hadi waliporudishwa mwishoni mwa 1996. Hospitali za wilaya zilizokuwa zikihudumia wenyeji kwa taabu zilijikuta katikati ya msiba huo. Habari njema za Shirika la Afya Duniani kuhusu vijiko vya kusafishia meno, zilizoanzia Tanzania yenyewe, hazikuwa na pa kusikika.

Wakati huo huo maabara za Marekani zilikuwa zikirudi kwenye vitu vya ujenzi. Mwaka 1993 kundi la Mahmoud Torabinejad, Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, lilieleza unga mpya wa kufunikia kiini na kuzibia mizizi. Robo tatu zake ni saruji ya Portland, ile ile ya kujengea nyumba, ikiwa imesafishwa na kuongezewa madini ya bismathi ili ionekane kwenye eksirei. Huuzwa kwa gramu. Kwa bei yake fundi wa Kayanga angeweza kununua mifuko. Lakini kazi yake ni ya kweli: hukaa vizuri penye unyevu, haivuji, na kiini huijengea ukuta mnene kuliko ule wa chokaa. Kwa kutumia unga huo na jamii yake, hata gego la mtoto ambalo kiini chake kimefunuliwa na kuvimba upande wa juu linaweza kukatwa ile sehemu mbovu tu, iliyobaki mizizini ikaachwa hai iendelee kujenga. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa kiini na mizizi ya meno kilitoa msimamo wake juu ya tiba hizi mwaka 2019, na ndani yake, pamoja na lugha yake ya kisasa, mzee Tomes angejisikia nyumbani.

Huku nyumbani, Karagwe iligawanywa mwaka 2012, Kyerwa ikawa wilaya yenyewe. Hospitali za misheni za Nyakahanga, upande wa Karagwe, na Isingiro, upande wa Kyerwa, ni majina yanayojulikana na kila familia. Zahanati ya kijiji, hata hivyo, si mahali pa kukuta mtu wa meno. Tabibu wa meno hukaa ngazi ya juu zaidi, na anayehitaji daktari bingwa huelekea Bukoba au Mwanza. Shirika la Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza miaka ya 2000, liliona pengo hilo na likafundisha maafisa tabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama. Lilipunguza mateso mengi. Jina la kazi hiyo, hata hivyo, ni kung'oa.

Emil Kikwilu wa Muhimbili na wenzake, akiwamo Frencken mwenyewe, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuipeleka njia ya vijiko katika kliniki za meno za serikali. Matabibu walifundishwa, vifaa vikatolewa, na bado meno yaliyong'olewa yaliyazidi kwa mbali yaliyozibwa. Wagonjwa huchelewa kuja, saruji huisha stoo, na koleo liko palepale mezani. Hapo ndipo aibu ilipo, na si ya mtu mmoja: tiba iliyotokana na uhaba wa Tanzania imesambaa dunia nzima, na kwao bado ni mgeni.

Visingizio vinapungua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji ya glasi ayonoma katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Mwaka 2022 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15. Bati la Kyerwa halihitajiki tena katika kinywa cha mtoto. Kinachohitajika ni kijiko, saruji na mtu mwenye muda wa robo saa.

Kwa mzazi wa Nkwenda, Murongo, Kayanga au Ihembe mwenye mtoto wa miaka sita au saba: mwambie afungue kinywa juani, uhesabu kutoka katikati, moja hadi sita, juu na chini, kushoto na kulia. Ukiona doa jeusi au kitundu katika lile la sita, mpeleke sasa, kabla halijaanza kumwamsha usiku. Na ukiambiwa ling'olewe, uliza kwanza kama linaweza kuzibwa.